Megapikseli 50, picha chenga: Usiidanganyike na namba ya simu

Ukitafuta simu Kondele, kitu cha kwanza utakachoambiwa ni namba: "Hii ni megapikseli 50!" Unaichukua kwa lipa mdogo mdogo, unarudi mtaani Obunga, na giza likiingia unapiga picha ya mgongo wazi ukikaangwa kando ya barabara. Kinachotoka ni chenga tupu. Shida iko wapi?

Shida ni sensa, kile kipande nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Weka ndoo na kikombe nje mvua ikinyesha: ndoo itakusanya maji mengi zaidi. Sensa nayo hukusanya mwanga. Ile ya kamera kubwa za wanahabari ni milimita 36 kwa 24. Simu nyingi za bei nafuu zina sensa ya takriban 5 kwa 4, yaani eneo dogo zaidi ya mara 40. Ukiligawa kwa pikseli milioni 50, kila moja inabaki na tone tu la mwanga. Ndiyo maana simu nyingi huunganisha pikseli nne kuwa moja, na zile 50 zinageuka 12.5.

Mchana huoni tofauti kubwa. Usiku, simu hulazimika kukuza mwanga hafifu, kisha programu inalainisha zile chenga. Sura ya mtu inabaki kama ya nta.

Na hili si suala la urembo tu. Baada ya maandamano ya Juni 25, 2024, BBC Africa Eye ilichambua zaidi ya picha na video 5,000 kubaini waliowapiga risasi waandamanaji bungeni, ikatoa makala ya Blood Parliament Aprili 2025. Tukio lile lilikuwa mchana. Je, vurugu zikifika mtaani usiku? Sura au namba ya gari iliyolainishwa haimsaidii yeyote mahakamani.

Kwa hivyo, kabla hujalipa, uliza ukubwa wa sensa. Namba ya chini ikiwa ndogo, sensa ni kubwa: 1/1.5 inaishinda 1/3. Kama simu ni ile ile uliyo nayo, iegemeze ukutani, usogee badala ya kuvuta picha kwa vidole, na uhifadhi faili halisi, maana WhatsApp huibana picha. Megapikseli huuza simu. Mwanga ndio hutengeneza ushahidi.