Max Payne anarudi, lakini sauti yake ilishaenda: Nangoja roho mkononi



Najua nikiuliza ni gemu gani mnangoja, nusu yenu mtanitupia GTA VI kabla nimalize swali. Sawa. Hiyo imesukumwa mbele zaidi ya mara moja, na kila ikisukumwa mtandao unawaka moto, kwa hivyo haihitaji domo langu. Mimi nangoja gemu ya kitambo. Nangoja karao mmoja wa koti la ngozi, uso ameukunja ka mtu ameng'ata ndimu, anatembea kwa theluji ya New York usiku akimeza dawa za maumivu ka njugu. Nangoja Max Payne.

Kwa wale wa juzi: Max Payne ilitoka 2001 kwa kompyuta, ikaingia PS2 mwaka huo huo, alafu Max Payne 2 ikafuata 2003. Stori ni nzito. Jamaa anarudi keja, anapata mke wake na mtoi wameuawa na watu waliolewa dawa mpya ya mtaani inaitwa Valkyr. Anajipenyeza kwa genge linalouza hiyo dawa, anasingiziwa mauaji, anabaki kusakwa na mamafia na makarao wenzake. Kitu ilifanya dunia ishike kichwa ni hii: unafinya kitufe, kila kitu kinaenda polepole, unajirusha hewani na bastola mbili huku unaona risasi zikipita kando ya sikio. The Matrix ilikuwa imetoka 1999 na kila mtu alidai kuwa Neo. Max Payne ndio ilikupea nafasi.

Mimi niliijua kwa saiba ya mtaa, bob moja kwa dakika. Mbao ilikuwa dakika ishirini, na dakika tatu za kwanza zilikuwa zinaishia hapo kompyuta ikiamka. Bro yangu mkubwa alishika kibodi, mimi nikashika mausi, ju hakuna mtu alikuwa anakubali kukaa tu akiangalia. Na ju mimi kimombo cha Max kilikuwa kinanipita, jamaa anabonga mambo ya kina akiwa peke yake gizani, bro alikuwa ananitafsiria ka DJ Afro. Saiba yote ilikuwa inacheka. Ukirudi kesho unapata mtoi mwingine amecheza juu ya sevu yenu, mnaanza upya. Ndio maana hatukuwahi kuimaliza. Tulifika kwa ile ndoto mbaya, yenye unatembea juu ya laini ya damu kwa giza na mtoto analia mahali huoni, doo ikaisha. Alafu saiba ikafungwa, ikageuzwa kinyozi.

Sasa, Aprili 2022 Remedy, kampuni ya Finland iliyoipika, ikatangaza inajenga upya zote mbili, ziuzwe ka gemu moja, kwa PS5, Xbox Series na PC. Mwenye kuleta pesa ni Rockstar. 2024 Remedy ikaambia wenye hisa kwamba kazi imeingia uzalishaji kamili. Tangu hapo ni kungoja.

Kabla tuendelee, tusichanganye vitu mbili. Rimasta ni mat ya zamani inarudishwa gereji, inapigwa grafiti mpya, inawekwa spika na taa, lakini injini ni ile ile na ile siti ya nyuma bado inakufinya goti. Rimeki ni mat mpya kabisa imepewa jina na ruti ya ile ya zamani. Zote mbili zinakula kwa kumbukumbu zako. The Last of Us ilitoka PS3 2013, ikarudi PS4 ka rimasta 2014, alafu ikajengwa upya kwa PS5 2022. Gemu moja, bili tatu, miaka tisa. Ukishangaa kwa nini wanapenda hii biashara, ni ju hawaanzi kutafuta mashabiki. Mashabiki tulishazaliwa, na sasa wengine wetu tuna kamshahara.

Max Payne itakuwa rimeki. Hiyo ni habari njema, ju miaka hii rimeki zimekuwa moto. Resident Evil 4 ya 2023 hata wazee wa ile ya 2005 waliinua mikono. Silent Hill 2 ya 2024, watu walitukana Bloober Team tangu trela ya kwanza, alafu gemu ikatoka wakanyamaza. Kwa hivyo inawezekana.

Kwa nini basi mimi situlii? Kwa sababu ya mwenye pesa.

Turudi Novemba 2021. Rockstar ilitoa GTA III, Vice City na San Andreas kwa kifurushi kimoja, wakaiita toleo la mwisho la kweli, bei dola 60. Mimi na kila kijana aliyewahi kuandika namba za siri za San Andreas nyuma ya daftari la hesabu tukashika viti. Ikatoka tarehe 11. Mvua ilikuwa mistari mizito meupe hadi huoni barabara. Watu wa mtaani walikuwa na sura ka za plastiki iliyowekwa karibu na jiko. Kulikuwa na duka la donati ambalo bango lake lilikuwa nati, ile ya bolti, yenye kona sita, ju jina la duka lilikuwa mchezo wa maneno. Walivyoilainisha ikawa duara tu. Utani ukafa, na inaonekana hakuna binadamu aliyeangalia hilo bango kabla liende sokoni.

Lakini iliyoniuma zaidi ni ukungu. San Andreas ya PS2 ilikuwa na ukungu ju PS2 haikuwa na nguvu ya kuchora mbali. Ndio ulifanya ramani ionekane haina mwisho. Ukitoka Los Santos kwenda mashambani ulikuwa unahisi umesafiri, unataka hata kubeba maji. Walipoutoa, ukipanda mlima Chiliad unaona nchi yote mara moja, miji mitatu imebanana ka vibanda vya soko. Dunia niliyokua nayo ikageuka kiwanja. Waliosha dirisha wakapata nyuma yake ni ukuta.

Na hiyo bado si ngori yenyewe. Ngori ni kwamba mwezi mmoja kabla, Oktoba, waliondoa zile za zamani kwa maduka ya mtandao. Kwa hivyo mpya imeharibika, ya zamani huwezi nunua. Ya PC nayo ikatolewa sokoni kwa siku kadhaa. Watu wakapiga nduru hadi Rockstar ikaomba msamaha na kuahidi kurudisha zile za zamani kwa PC. Ukungu na ile anga ya kitambo zilikuja kurudi kwa apdeti ya Novemba 2024. Miaka mitatu baadaye! Mtoto aliyezaliwa siku gemu inatoka alikuwa ashaanza kubishana na mathe wake.

Hiyo ndio kampuni yenye ufunguo wa Max Payne. Remedy waliiuza wenyewe kwa Take-Two, wenye Rockstar, mwaka wa 2002. Yaani mafundi waliojenga nyumba waliuza ploti, na miaka ishirini baadaye wameitwa warudi waijenge upya kwa pesa ya mwenye ploti. Hapo naona matumaini, ju ile GTA ya 2021 walipewa watu wengine waifanye. Hii inarudi kwa mikono ileile. Sam Lake, aliyeandika stori, ndiye pia uso wa Max kwa gemu ya kwanza. Ile sura ya ndimu ni yake. Bajeti ilikuwa ndogo hadi picha za zile katuni zinazosimulia stori walijipiga wenyewe na watu wao, na mathe wa Sam Lake ndiye yule mama mbaya mwenye kampuni, Nicole Horne. Mtu aliyeweka hadi mathe wake ndani ya gemu hawezi kuiacha ikatoka ka plastiki. Naomba.

Pia wanajua uchungu wa gemu kupotea. 2017 Alan Wake yao iliondolewa madukani ju leseni za ngoma zilizokuwa ndani ziliisha, ikakaa nje zaidi ya mwaka ikarudi 2018. Walipotoa rimasta yake 2021, ile ya zamani iliendelea kuuzwa kwa Steam. Hilo ndilo nataka kwa Max Payne, na sijaona sababu ya Rockstar kukataa isipokuwa uroho.

Ju ile ya zamani bado iko Steam saa hii, ila iko hoi. Nilipata laptopu ya mtumba nikainunua, nikaweka hedifoni, nikazima taa. Kimya. Muziki hauliki kwa Windows za siku hizi hadi uweke dawa iliyotengenezwa na mashabiki, bure, usiku wao. Kampuni inachukua doo yako na shabiki fulani ndiye anakurekebishia sauti. Na huko Marekani, Video Game History Foundation walihesabu 2023 wakapata asilimia 87 ya gemu za kabla ya 2010 haziuzwi tena popote. Tukisema gemu za utoto wetu zinakufa, si kulia tu.

Sasa kuhusu sauti.

James McCaffrey ndiye alikuwa sauti ya Max kwa gemu zote tatu. Sauti ka mtu amekunywa kahawa ya jana na hajali. Aliaga dunia Desemba 2023, mwaka na miezi baada ya rimeki kutangazwa, na wiki chache tu baada ya Alan Wake 2, ambayo pia yumo. Bila yeye Max ni koti tu. Gemu yenyewe ni mtu anajibongesha kichwani. Ukitoa hiyo sauti umebaki na mse anapiga watu risasi, na hizo ziko mia.

Remedy wako na njia tatu. Watumie rekodi za 2001 na 2003, ambazo zipo na ni zake. Watafute muigizaji mpya. Au waingie kwa AI waunde sauti ya marehemu. Hiyo ya mwisho msiniambie. Waigizaji wa gemu huko Marekani waligoma karibu mwaka mzima kuanzia Julai 2024, na AI ndiyo ilikuwa kiini, watu wakikataa sauti zao kuchukuliwa bila ruhusa. Fikiria mtu leo atoe ngoma mpya za E-Sir kwa mashine. E-Sir aliaga Machi 2003 na bado ukiweka ngoma yake kwa mat watu wazima wanaimba hadi steji. Hawadai nyingine. Wanadai hizo hizo, na krakra zake.

Mimi kura yangu ni rekodi za zamani. Wabadilishe theluji, wabadilishe kuta, wapake damu rangi wanayotaka, lakini jamaa aongee vile aliongea. Kama haitawezekana basi mtu mpya, aruhusiwe kukosea kwa njia yake, asilazimishwe kuigiza maiti.

Kuna presha nyingine ya kimya kimya. Remedy hawajakuwa na mwaka mzuri 2025. Gemu yao ya Juni, FBC: Firebreak, haikuuza, na Oktoba mkurugenzi mkuu Tero Virtala akatoka. Mbele yao kuna Control Resonant, waliyoipanga 2026. Kampuni ikiwa na msoto huwa na haraka, na haraka ndiyo iliua ile GTA. Afadhali wanichelewe.

Alafu kuna sisi. Gemu kubwa za PS5 saa hii ni dola 70, kwa reti ya 129 hiyo ni karibu thao tisa. PS4 haipo kwa ile orodha ya mashine. Na PS ya mtaa haisaidii sana, ju pale watu wanalipa mbao kwa mechi ya mpira na kuna foleni nyuma yako. Ukisema unaweka gemu ya stori ya masaa kumi, mwenyewe anakuangalia ka umemuomba kodi. Mpaka nitafute saa ya asubuhi Jumatatu wakati hakuna mtu, nimlipe soo kwa saa, nicheze kidogo kidogo. Nimeshamuuliza. Amesema nikileta diski yangu mwenyewe atanipunguzia hadi themanini.

Bro yangu saa hii yuko Doha, anafanya usiku kwa mlango wa jengo fulani. Ile siku nilimtumia trela ya gemu nyingine akajibu na voisi ya sekunde kumi na moja, anamfanya Max kwa ile sauti ya DJ Afro, upepo unapiga nyuma. Alafu akaandika: imetoka? Nikamwambia bado. Mkataba wake unaisha mwaka ujao. Nimefungua mahali naweka soo soo kila wiki, niko thao mbili na soo nne.