Usajili wa masomo vyuoni: Kosa dogo linalomnyima mwanafunzi mahafali

KILA mwaka, kati ya Agosti na Septemba, maelfu ya vijana huripoti katika vyuo vikuu vya umma humu nchini wakiwa na masanduku, magodoro na barua za mwaliko walizozichapisha kutoka mtandaoni. Wazazi hujishughulisha na karo na malazi. Usajili wa masomo ya muhula hauzungumziwi sana, kwa kuwa wengi hudhani kupokelewa chuoni ndiko kusajiliwa. Sivyo.

Kuandikishwa kuwa mwanafunzi ni jambo moja. Kusajiliwa katika kila somo, muhula baada ya muhula, ni jambo jingine kabisa. Mwanafunzi anaweza kuhudhuria mihadhara yote, akawasilisha kazi alizopewa na hata kuufanya mtihani, kisha ikabainika kwamba kompyuta ya chuo haimtambui katika somo hilo. Alama zake zinakosa pa kuingizwa. Mara nyingi hugundua hayo katika mwaka wa nne, orodha ya watakaofuzu inapobandikwa na jina lake halimo.

Kwa hakika, si kila alama inayokosekana hutokana na usajili. Wapo wahadhiri wanaochelewa kusahihisha, na wapo wale wa muda wanaozuilia matokeo kwa sababu hawajalipwa. Hata hivyo, makosa ya usajili ni ya aina ambayo mwanafunzi mwenyewe anaweza kuyaona mapema, endapo atajua pa kuangalia.

Aanzie kwenye nambari ya somo. Katika vyuo vingi, somo hutambulishwa kwa herufi chache na tarakimu, na aghalabu tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka wa masomo. Kubadilisha nafasi ya tarakimu mbili kunatosha kumpeleka mtu katika somo la idara nyingine. Alinganishe orodha yake na mtaala wa kozi aliyodahiliwa, wala asinakili ya mwenzake waliyeketi naye bwenini, kwani mtaala hubadilishwa na wanafunzi wa miaka tofauti huenda wakafuata mitaala tofauti. Masomo ya lazima kwa wanafunzi wote, kama vile stadi za mawasiliano, ndiyo husahaulika kwa urahisi zaidi kwa sababu hayatoki katika idara yake.

Ratiba nayo ina mitego. Wanaosomea ualimu huielewa shida hii kuliko wengine, maana masomo yao mawili ya kufundishia hutolewa na idara tofauti. Mhadhara wa Kiswahili na ule wa historia vikiwekwa saa moja, mwanafunzi hana budi kuukosa mmoja. Mgongano huo hutatulika katika wiki mbili za mwanzo. Baadaye, ukumbi ukishatengwa na darasa likishazoea, hakuna mkuu wa idara atakayeuhamisha mhadhara kwa ajili ya watu watatu.

Majina pia. Mpangilio au tahajia ikitofautiana na cheti cha KCSE, tofauti hiyo huweza kuishia kwenye shahada, na mhitimu akajikuta akila kiapo mbele ya wakili ili kumthibitishia mwajiri kwamba yeye ni yeye.

Lakini ni dhuluma kumtwika mwanafunzi mzigo wote. Vyuo vilipokea wanafunzi wengi mno kufuatia mpango wa 2011 wa kupunguza mrundiko wa waliokuwa wakingoja nafasi, na miaka ya 2012 na 2013 vyuo vishiriki kadhaa vikapandishwa hadhi kuwa vyuo vikuu kamili. Usajili wa fomu za karatasi ulihamia mtandaoni, ila afisa wa kumsikiliza mwanafunzi mwenye tatizo hakuongezwa kwa kiwango hicho. Isitoshe, pale ambapo usajili hufungwa hadi karo ilipwe, anayesubiri mkopo wa HELB huchelewa bila hiari yake, halafu akasajili harakaharaka usiku wa mwisho. Makosa yatakosaje?

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli zinazomwathiri. Kifungu cha 47 kinadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka na wa haki, na kwamba anayeathiriwa apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inatambua haki ya kurekebishiwa data ya uongo. Anayezungushwa kutoka ofisi hadi ofisi anaweza kulalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Atakachoulizwa ni ushahidi: nakala ya usajili yenye tarehe, risiti ya karo, kadi ya mtihani, barua iliyopokelewa na kupigwa muhuri. Maelezo ya mdomo kwa karani hayatamfaa.

Na vyuo vijibu swali moja. Mfumo unaoweza kumzuia mwanafunzi mwenye deni la karo asione matokeo yake unashindwaje kumtumia ujumbe wa simu, wiki ya pili ya muhula, kumwarifu kwamba amesajili masomo matano badala ya sita?