Mali ikiuzwa hairudishwi? Nani kasema!

Umenunua pasi Kariakoo, umefika nyumbani, umechomeka, haipati moto. Unakumbuka kile kibao dukani: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Unanywea. Usinywee! Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu haki zake, na ndipo kibao hicho kinapogonga mwamba. Wiki hii tuyajue maneno ya wanasheria, wasituingize mjini.

SHARTI: Hili ndilo zito. Likivunjwa, unakataa mali na kudai pesa zako. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti hata kama hamkuyataja: muuzaji awe na haki ya kuuza, mali ilingane na maelezo yake, na ukinunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, iwe na ubora wa kuuzika. Pasi isiyopata moto haina ubora huo.

DHAMANA: Ni ahadi ndogo ya pembeni. Ikivunjwa unadai fidia, mali inabaki kwako. Usiichanganye na waranti ya kwenye kikaratasi. Hiyo ni nyongeza, haifuti haki zako.

KUKUBALI MALI: Hapa wengi wanalizwa. Ukikaa na pasi mbovu miezi kadhaa kimya, unahesabiwa umeikubali, unabaki kudai fidia tu. Kwa hiyo wahi! Na kama uliikagua kabla ya kulipa, kasoro uliyopaswa kuiona huwezi kuilalamikia kwa sharti la ubora.

HAKI YA KUUZA: Mshikaji wa mtaani akikuuzia simu yake aliyoitumia, sharti la ubora halimbani, maana yeye si mfanyabiashara wa simu. Lakini ikiwa ya wizi, mwenyewe akijitokeza ataichukua, nawe utamdai mshikaji. Ukimpata!

Ila dada yangu, gauni zima usilirudishe eti shoga kasema rangi haikupendezi. Kubadili mawazo si kasoro, hapo mwenye duka anaweza kukukatalia.

Basi dai risiti kila ununuapo. Mali ikiwa mbovu, rudi mapema, ongea kistaarabu. Akikutolea nje, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani, FCC. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.