Mzazi, usimdharau anayeanza

Mpenzi msomaji, ukifika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, siku ya mashindano ya shule, utaona jambo moja. Mbio za kupokezana vijiti zikianza, wazazi wengi bado wananunua soda na mahindi ya kuchoma. Hurudi mbiombio kijiti kikimfikia mkimbiaji wa nne.

Jirani yangu mmoja alifanya hivyo. Mwanawe, kijana wa sekondari, alianza yeye na kukabidhi kijiti akiongoza. Shule yao ikashinda. Wakirudi nyumbani, baba akamwuliza, "Kwani una ubovu gani hata wasikuweke mwisho?" Kijana hakujibu. Wiki iliyofuata alimwambia mwalimu kuwa riadha ameiacha.

Nilipopata habari nilimwalika baba huyo chai, nikamsimulia maisha ya Charles Asati. Nawe nisikilize.

Huku kwetu mlimani jina tulilozoea ni Catherine Ndereba, binti wa Nyeri aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007. Katika marathoni, anayetangulia huonekana na kila mtu. Kupokezana vijiti ni tofauti. Jasho la mmoja huonekana mguuni mwa mwenzake.

Asati alitoka Kisii. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alikuwa wa mwisho kupokea kijiti, baada ya Daniel Rudisha, Hezekiah Nyamau na Naftali Bon. Kenya ikapata nishani ya fedha nyuma ya Marekani. Mwaka 1970 kule Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishinda dhahabu ya mita 400 peke yake, kisha nyingine pamoja na wenzake.

Basi mtu kama huyo angedai awekwe mwisho, nani angeshangaa? Lakini Munich, mwaka 1972, Asati alianza.

Msomaji, kuanza si kazi ndogo. Wa kwanza husubiri mlio wa bastola na kukimbia mzunguko mzima ndani ya mstari wake. Kwa kuwa wakimbiaji hupangwa kwa kupishana, ni vigumu kwake kujua kama anaongoza au ameachwa. Hukimbia kwa imani, kisha hukabidhi.

Asati alimkabidhi Nyamau, Nyamau akampa Robert Ouko, naye Ouko akampa Julius Sang. Mjerumani Karl Honz alikuwa mbele. Sang alimfuata, akampita, na Kenya ikatwaa dhahabu kwa dakika 2 na sekunde 59.83. Kweli, Marekani haikuwa na timu siku hiyo. Lakini Uingereza ilikuwepo, nayo iliachwa kwa sekunde 0.63 tu.

Hapo nilimwuliza jirani, "Kama Asati angezembea kwa sekunde moja kule mwanzo, hiyo dhahabu ingekuwa ya nani?"

Asati alirudia dhahabu zote mbili za Jumuiya ya Madola kule Christchurch mwaka 1974. Mwaka 1976 Kenya iligomea Olimpiki ya Montreal, naye hakukimbia tena katika Olimpiki. Na hadi Paris mwaka 2024, hakuna timu nyingine ya Kenya iliyopata dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo.

Jirani alimaliza chai yake kimya. Jioni hiyo alimwita mwanawe, akamwomba amweleze tangu mlio wa bastola jinsi alivyokimbia. Kijana alieleza hadi chakula kikapoa. Jumatatu alichukua viatu vyake vya mazoezi.

Nawe mzazi, mwanao akirudi kutoka michezoni, usianze kwa kuuliza nani alimaliza. Mwulize alikabidhije kijiti. Nawe mwanafunzi uliyepangwa kuanza, kumbuka kidole kimoja hakivunji chawa.

Tukutane Jumapili ijayo.