Mwanafunzi Msanii na Gharama ya Usiku

Katika vyuo vyetu vya afya wamo vijana wenye kazi mbili. Mchana ni wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia au maabara. Usiku ni wasanifu wa kadi za harusi, wachoraji wa nembo, wahariri wa video na watunzi wa matangazo. Hawana mwajiri. Mteja huwapigia simu, hupatana nao bei, na kazi ikishakabidhiwa kila mmoja hushika njia yake. Baadhi ya walimu huliona jambo hili kuwa ni utovu wa nidhamu. Baadhi ya wazazi huliona kuwa ni uhodari wa kusifiwa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili hazijaligusa lililo muhimu. Kazi yenyewe haina ubaya. Kinachodhuru ni kwamba bei anayopatana kijana na mteja wake hujumlisha bando, umeme na nauli, lakini haijumlishi usingizi. Na usingizi ni kama dawa ya stoo: ukitolewa bila kuandikwa, upungufu wake hugundulika siku unapohitajika.

Tuanze na haki ya vijana hawa, kwa kuwa wanayo. Fedha za kujikimu zinazotoka Bodi ya Mikopo, ambazo wenyewe huziita bumu, hazimfikii kila mwanafunzi, na anayezipata ana kodi ya chumba, vitabu, na mara nyingi mdogo wake aliye sekondari. Kadi moja ya harusi yaweza kulisha chumba kwa siku kadhaa. Zaidi ya fedha, kazi hii hufunza. Msanifu humsikiliza mteja asiyejua kueleza anachotaka, humuuliza maswali, kisha humrudishia jibu linaloeleweka. Hiyo si mbali na kuchukua historia ya mgonjwa. Mwanafunzi anayejua kuchora atamweleza mama mjamzito dalili za hatari kwa picha, pale ambapo mwenzake angemchosha kwa maneno.

Lakini riziki hii hupanda na kushuka. Miezi ya harusi simu hazinyamazi; ukifika Mfungo wa Ramadhani au Kwaresima, sherehe hupungua na mfuko hukauka. Yuko mteja anayeomba “marekebisho madogo” mara saba kwa bei ileile, na yuko anayepokea kazi kisha asipokee simu tena. Tofauti na mwajiriwa huonekana zaidi siku ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 126 katika mzunguko wa miezi 36. Msanii wa kujitegemea hana hata siku moja. Akiugua Jumatatu, kipato chake kinaugua Jumatatu hiyohiyo. Ndiyo maana hakatai kazi inapokuja, hata ikija usiku wa kuamkia mtihani, kwani hajui nyingine itakuja lini.

Hapo ndipo usiku unapoliwa. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji usingizi wa saa 7 hadi 9. Anayezima kompyuta saa tisa za usiku na kutakiwa wodini saa moja asubuhi hapati hata nusu ya kiwango hicho cha juu. Mwaka 1997 watafiti nchini Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu; akifikisha saa 24, hulingana na mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukifikia. Huyo ndiye tunayempa sindano mkononi na kumtaka asome kipimo cha dozi ya mtoto. Tena usingizi ndio wakati ambapo ubongo huyaimarisha yale uliyojifunza mchana. Anayekesha ili apate ada huenda akawa anailipa ada kwa masomo ambayo hayatabaki kichwani.

Wengi huziba pengo hilo kwa vinywaji vya kuongeza nguvu. Yafaa wajue kwamba kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu mwilini. Kopo lililonywewa saa nne za usiku, nusu ya kafeini yake bado imo damuni saa tisa, wakati ule kijana anapojilaza na kushangaa kwa nini moyo unadunda na usingizi hauji. Macho nayo, yakikodolea kioo cha kompyuta, hupepesa mara chache kuliko kawaida, yakakauka na kuwasha. Kifundo cha mkono kilichoshika kipanya saa nyingi chaweza kuubana mshipa wa fahamu, na dalili yake ni ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, ambayo aghalabu humwamsha mtu usiku.

Hali hii haikuanza na kompyuta. Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, alijiunga na masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1879. Baba yake alikuwa amefilisika miaka 3 kabla, na familia ilihitaji chakula. Kuanzia mwaka 1880 kijana huyo aliyauzia magazeti ya vichekesho hadithi fupi fupi, akilipwa kopeki chache kwa kila mstari, na nyingi alizitia jina la bandia. Alihitimu udaktari mwaka 1884. Kaka yake Nikolai, mchoraji mwenye kipaji aliyepamba baadhi ya hadithi hizo kwa picha, aliishi kwa kazi hiyohiyo ya kutegemea oda, akazama katika ulevi, wala hakumaliza chuo cha sanaa. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 31.

Anton naye alianza kukohoa damu mwishoni mwa mwaka 1884, miezi michache baada ya kuhitimu. Robert Koch alikuwa ameutangazia ulimwengu kidudu cha kifua kikuu Machi 1882, Chekhov akiwa bado mwanafunzi. Basi si jambo ambalo daktari huyu hakulisikia. Hata hivyo aliikwepa ithibati ya ugonjwa wake kwa miaka mingi, hadi Machi 1897 alipotokwa na damu nyingi akiwa mezani hotelini, akalazwa. Alifariki mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 44. Kukesha hakumpi mtu kifua kikuu. Bakteria ndiye anayempa, na zama zile hapakuwa na dawa ya kuutibu ugonjwa huo. Funzo ninaloliona ni jingine. Aliyezoea kuuweka mwili wake mwisho wa foleni tangu akiwa mwanafunzi huendelea kuuweka hapo hata akishakuwa daktari.

Yupo atakayesema: basi mwanafunzi aache sanaa, asome. Shauri hili ni jepesi kwa asiyedaiwa kodi. Chekhov angeacha kuandika, wazazi na wadogo zake wangelala njaa. Lakini tukumbuke pia kwamba mwaka 1886 mwandishi mkongwe Dmitry Grigorovich alimwandikia barua kumsihi aache kuandika haraka haraka, akitunze kipaji chake. Shauri la namna hiyo ndilo vijana wetu wanalolihitaji: si kuacha, bali kupunguza na kuchagua.

Kwa mwanafunzi msanii, nashauri usingizi uingie katika bei. Kazi inayotakiwa “kesho asubuhi” iwe na bei yake, na bei hiyo iwe kubwa kiasi cha kumfanya mteja afikiri upya. Chukua malipo ya awali, na taja idadi ya marekebisho kabla hujaanza. Weka saa ya kufunga kazi, na usiisogeze isipokuwa kwa dharura ya kweli. Usiku wa kuamkia zamu ya wodi au mtihani usipokee kazi yoyote, kwani gharama yake hailipwi na wewe peke yako. Mgonjwa naye huilipa. Kila baada ya dakika 20 za kutazama kioo, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Kwa wahudumu wa afya wenzangu: kijana anapoleta maumivu ya kichwa yasiyokwisha, moyo kwenda mbio, uchovu au huzuni, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, msimfungashie dawa ya maumivu aondoke. Muulizeni analala saa ngapi, anakunywa nini ili asisinzie, na kama ana kazi nyingine usiku. Hatalisema mwenyewe, kwa kuwa huenda chuoni anaificha. Akiwa anakohoa kwa wiki 2 au zaidi, au amekonda, au anatokwa jasho usiku, apimwe kifua kikuu. Tiba yake katika vituo vya umma nchini ni bure, na aghalabu huchukua miezi 6. Tuna alichokikosa Chekhov; isiwe tumekikosa kwa kutouliza.

Na wewe mgonjwa unayeishi kwa kazi za namna hii, uwe mwanafunzi au la, mweleze daktari saa zako halisi za kazi bila kuona haya. Hatukuulizi ili tukushitaki chuoni.

Vyuo navyo vina wajibu. Ratiba za zamu na mitihani zikitolewa mapema, kijana ataweza kumwambia mteja “wiki hiyo sipo”. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ikiwa mahali pa kusemea shida ya fedha bila kuogopa adhabu, wachache watakesha kwa siri. Chuo kinapohitaji mabango ya elimu ya afya, kiwaajiri wanafunzi wake wenyewe, kwa bei ya haki na kwa muda unaotosha.

Mwisho, neno kwa sisi wateja. Sote tuna ndugu anayeoa, na wengi wetu tumewahi kumpigia kijana simu usiku tukitaka kadi ipatikane alfajiri. Kabla ya kupiga tena, tujiulize kijana huyo kesho atakuwa zamu katika wodi gani, na nani atakuwa amelala kitandani akimsubiri.