Mshale wa Mpimaji Hauonyeshi Dhahabu

Imani kwamba Wajerumani waliacha nchini Tanzania migodi iliyofichwa haikuzuka hewani. Mgodi wa Sekenke, kule Iramba, ulitoa dhahabu enzi zao, na mwaka 1916, vita vilipowabana, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora. Anayesaka "mali ya Mjerumani" ana chembe ya historia mkononi. Kosa lake huanza pale anapokuta mshale, msalaba au pembetatu iliyochongwa kwenye jabali, akaamini ameokota ramani ya mgodi.

Kabla ya setilaiti, ramani ilitengenezwa kwa kupima pembe kati ya vilele vinavyoonana. Mpimaji alipanda mlima, akasimika chuma au bomba ndani ya zege, akarundika mawe juu yake (hiyo ndiyo bikoni), kisha akachonga alama za rejea kwenye miamba ya jirani ili bikoni ikiharibika, atakayekuja baadaye aweze kuirudisha mahali pake. Kwa hiyo mshale huo huelekea kwenye bikoni yenyewe, wala hauna zaidi ya hilo. Namba iliyo kando yake hurejea daftari la upimaji, na bila daftari hilo haina maana yoyote. Tena mpimaji alitafuta mahali panapoonekana kutoka mbali, jambo ambalo mficha mali hulikwepa. Mgodi nao haukai popote mtu apendapo: dhahabu ya Sekenke na Geita imo kwenye miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na miamba ya aina hiyo haipo kila wilaya yenye jiwe lililochongwa.

Wapo watakaosema Wajerumani walificha vitu kweli, wakiwa na nia ya kurudi. Ni kweli. Meli ya Graf von Goetzen waliipaka mashine zake grisi nzito, wakaizamisha Ziwa Tanganyika mwaka 1916. Lakini iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na hadi leo tunaijua kwa jina la Liemba. Mahali ilipozama palijulikana. Hakuna aliyehitaji kufumbua mchongo wowote. Mfano huo unathibitisha nguvu ya kumbukumbu, hauthibitishi nguvu ya alama.

Hasara ya imani hii ni kubwa kuliko jasho la wachimbaji. Bikoni iking'olewa, mipaka ya mashamba hukosa shahidi na majirani huishia barazani. Kibaya zaidi ni Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watafiti wameeleza mashimo yaliyochimbwa chini ya miamba hiyo na watu walioidhani michoro ya wahenga kuwa vielekezo vya Wajerumani. Udongo wa hapo umebeba zana za mawe na mabaki ya maisha kwa mpangilio wa tabaka. Ukishavurugwa, hakuna mtaalamu awezaye kuupanga upya.

Anayetaka dhahabu kwa dhati aende Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, akaulize ramani za miamba, kisha aombe leseni. Na ukikuta jiwe lenye mchongo, usilichimbe. Toa taarifa ofisi ya ardhi ya wilaya, au kwa maofisa wa mambo ya kale.