Wanafunzi Wetu na Mama Aliyebeba Mimba ya Mwingine



Wanafunzi wa uuguzi na ukunga walio mazoezini katika wodi zetu wanazozana juu ya wanawake wanaowabebea wengine mimba. Baadhi yao wasema huko ni kuuza mtoto, na mama wa namna hiyo hawatamhudumia kwa moyo mweupe. Wengine wasema ni kibarua kama kibarua kingine, tumbo ni lake na malipo ni yake. Tumewasikiliza wote wakati wa chai, na twaona pande zote mbili zimemsahau yule aliyelala kitandani.

Yai na mbegu za watu wengine hukutanishwa maabara, kisha kiinitete hutiwa katika tumbo lake. Mtoto si damu yake, lakini kutapika ni kwake, presha ikipanda ni yake, na kisu cha daktari kitapita katika ngozi yake. Kibarua gani hicho kisicho na saa ya kutoka kazini? Sisi tunaogombania overtaimu ya saa mbili twapaswa kuelewa upesi.

Tena mawazo ya mfanyakazi wa hospitali huzaa mambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mapacha waliozaliwa kwa njia hii. Palizuka swali la mama gani aandikwe, habari ikafika serikalini, na wale wachanga wakachukuliwa wakapelekwa katika makao ya watoto. Mahakama iliona kwamba haki zilivunjwa. Lakini siku zile za kwanza, nani atazirudisha?

Liko na jambo la likizo. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mwanamke aliyejifungua miezi 3 kwa mshahara kamili. Haikusema lazima arudi nyumbani na mtoto mgongoni. Kwa hivyo twasema wazi: mwajiri akimwambia mama huyu kwamba hana wa kunyonyesha, arudi kazini, aje ofisini kwetu siku ile ile. Mwaka 2021 mwenye kuasili mtoto naye alipewa mwezi 1. Yule anayempokea mtoto aliyebebewa na mwingine hakutajwa popote katika sheria hizo, na hilo nalo tutalidai.

Kamati imemwomba mkunga mmoja mstaafu aketi na wanafunzi Alhamisi, saa kumi, katika chumba cha chama. Waje na ubishi wao wote.